Nyasi Zinapumzika

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mama, leo ni tarehe tatu Machi, na ninaahidi kukuandikia kila kitu. Pale kituoni ulisema, "Usinichagulie. Ukianza kuchagua cha kuniambia nitajua." Basi sitachagua. Nitaandika hata siku zisizo na jambo, na muhula ukiisha nitampa daftari hili dereva wa basi la asubuhi akuletee huko kwa Bibi, maana simu huko haishiki mpaka mtu apande mlima, na wewe hutamwacha Bibi na nyonga yake iliyovunjika ili upande mlima.

La kwanza: basi lako lilipoondoka, Baba alisimama pale pale mpaka likapotea. Kisha akasema, "Twende, mvua inakuja."

La pili: mvua imekuja kweli. Naandika mezani, humu chumbani kwetu chini ya jukwaa la uwanja, na juu yangu maji yanashuka ngazi zake, moja baada ya nyingine, kama mtu anayerudi nyumbani amechoka. Baba amejigonga kichwa kwenye ile ngazi ya chini iliyoingia chumbani, pale pale anapojigonga kila siku, akaifokea utadhani imehamia leo.

La tatu: nimelia kidogo. Nilisema sitachagua.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mvua. Maharagwe yameungua. Baba amekula bila kusema kitu, nikajua yameungua sana.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mwalimu wa historia ametupa kazi ya muhula mzima: kila mmoja aandike historia ya mahali anapopita kila siku bila kupatazama. Wengi wamechagua soko, daraja na posta. Mimi nimechagua uwanja wetu. Jirafu, twiga wetu, yule nahodha wa timu yetu ya shule ambaye shingo yake inaona juu ya vichwa vya wote, alisema, "Wewe hupapiti pale, unalala ndani yake. Huo ni wizi." Mwalimu alicheka lakini amenikubalia.

Nimeanza na anachosema Baba. Hapa palikuwa machimbo ya mawe. Maktaba ya chuo, nyumba za wahadhiri na ule ukuta mrefu wa barabarani vyote vilitoka katika shimo hili. Mawe mazuri yalipokwisha, shimo likaachwa, likajaa maji na vyura. Ni wanafunzi wenyewe walioomba litolewe maji liwe uwanja wa mpira. Ndiyo maana mgeni akija haoni kitu ila geti na kibao, halafu ghafla ardhi inafunguka miguuni pake na kijani kimekaa chini kabisa. Pande tatu ni ngazi zilizochongwa kwenye mwamba. Upande wa nne ni jukwaa la zege, na chini yake sisi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Baba ameangika kibao chake getini: NYASI ZINAPUMZIKA. Ni herufi zako, Mama, zile ulizoandika kwa rangi nyeupe nikiwa mdogo. Herufi ya mwisho umeibana kwa sababu ubao ulikuwa unakwisha.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Amekuja ofisa mpya wa michezo wa chuo. Ni dada kijana mwenye suti ya michezo, na amevaa filimbi shingoni hata akiwa peke yake. Baba tayari anamwita Filimbi, ila si mbele yake. Nilikuwa naanika nguo kwenye vyuma vya jukwaa, nikasikia yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Kiwanja kizuri sana."

"Kinapumzika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mvua iishe."

"Na mvua ikiisha?"

"Kinajiandaa na mahafali."

"Na mahafali yakiisha?"

"Hapo kinapona. Viti, mahema, akina mama na viatu vya visigino virefu! Lazima kipone."

Filimbi alitazama goli moja, kisha la pili. "Kwa hiyo mzee, kinachezwa lini?"

Baba akamwambia timu ya chuo inacheza hapa mechi zake za ligi, na mazoezi wanafanya kule nyuma ya karakana, kwenye changarawe, kama kawaida. Filimbi akainama akagusa nyasi kwa kiganja. Baba akakunja uso kana kwamba kashikwa yeye.

Sikumpenda. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku ya leo.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mvua.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Baba ametembea uwanja mzima na ule uma mrefu, akitoboa ardhi ili maji yazame. Nilimfuata na mwavuli, akaukataa. Alisema nyasi hazina mwavuli na hazilalamiki.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Uwanja wa shule yetu umekuwa bwawa. Mashindano ya shule yanaanza baada ya wiki chache, na sisi hatuna pa kufanyia mazoezi. Jana mwalimu wa michezo aliniambia nimwombe Baba, jioni mbili tu kwa wiki. Nilimwomba akiwa anakunywa chai, maana wewe hungoja chai ukitaka kumwambia jambo.

"Mwambie mwalimu wako nyasi zinapumzika."

"Baba, ni wasichana tu, na wengi hatuna hata viatu vya njumu."

"Mguu mtupu ndio unaoteleza. Ukiteleza unachimba."

Ilibidi niseme hivyo leo mbele ya timu nzima. Jirafu akasema, "Baba yako anafuga nyasi. Atazichinja lini?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka ili nisibaki peke yangu.

Niliporudi nilichukua mpira nikaupiga ukutani kwa bafu, nikaudaka, nikaupiga, nikaudaka, mpaka Baba akasema ninamharibia plasta. Mama, mimi ni kipa wa shule na nimezaliwa ndani ya uwanja wa mpira, lakini sijawahi hata siku moja kusimama katika goli lake watu wakicheza. Nilikuwa silifikirii jambo hili. Leo nalifikiria.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Nimefua. Hazikauki.

Alhamisi, tarehe 27 Machi

Leo nimekaa na Mama Tiketi getini kwa ajili ya kazi ya historia. Siku hizi anauza karanga, lakini unajua ndiye aliyekuwa akichana tiketi tangu mechi ya kwanza. Nilifungua daftari akasema, "Andika vizuri, usije ukaniandika mzee."

Mechi ya kwanza ilikuwa kati ya wanafunzi na wahadhiri. Nyasi hazikuwepo, palikuwa vumbi tupu, na kipa wa wahadhiri alipoteza miwani yake golini, wachezaji wote wakapiga magoti kuitafuta. Mwaka mwingine upepo uliezua paa la ukumbi mkuu, wakafanyia mitihani hapa: madawati yamepangwa mpaka kwenye kona, wasimamizi wamevaa kofia za jua. Karatasi ya mtu ikapeperuka hadi juu ngazini, na watahiniwa wote wakasahau kanuni ya kunyamaza wakapiga kelele, "Ishike! Ishike!" Soko lilipoungua, wachuuzi walipanga bidhaa zao kwenye ngazi za mwamba mpaka soko likajengwa upya, nyanya ngazi ya chini, viatu ngazi ya juu. Watu walikuja kuchanjwa hapa. Wanafunzi wa uuguzi walifanya gwaride hapa. Mtoto wake mwenyewe alijifunzia baiskeli hapa, akaenda kugonga nguzo ya goli, na Baba ndiye aliyembeba.

"Baba yangu?"

"Kwani nani? Alikuwa kijana mcheshi sana. Usiniangalie hivyo, kamuulize mama yako."

Nikamuuliza ni nani aliyezuia watu wasije tena. Alimenya karanga, akaipuliza ganda, akaitazama.

"Hakuna aliyezuia, mwanangu. Nyasi zilizidi kupendeza tu."

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Dereva amepita na salamu zako: Bibi ameanza kutembea na mkongojo na anagombana nao. Baba alifurahi mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, "Amesema anarudi lini?"

"Hakusema," dereva akajibu, "na mimi sikuuliza. Mimi ni dereva, si mshenga."

Kwa kuwa sichagui, nitaandika na hili. Usiku ule kabla hujaondoka nilisikia kwa nyuma ya pazia ukimwambia Baba, "Nimechoka kuwa mke mwenza wa nyasi." Ulikuwa unacheka uliposema. Lakini nilikusikia pia ulipomaliza kucheka.

Jumatano, tarehe 9 Aprili

Mama, kaa chini kabla hujasoma hapa.

Filimbi alikuja saa ya chakula cha mchana, ameloa chapachapa. Baba alimkaribisha ndani kwa sababu hata yeye hawezi kumwacha mtu kwenye mvua ile. Filimbi alijigonga kichwa kwenye ngazi ya chini. Baba akasema pole, na kwa mara ya kwanza ilisikika kama pole ya kweli.

Akasema: baraza la chuo linataka kulifukia shimo. Lote. Watalijaza kifusi, juu yake wajenge kumbi za mihadhara na maegesho ya magari. Jukwaa litabomolewa. Baba alitazama juu, kwenye dari yetu ya ngazi, na mimi nikatazama, na Filimbi akatazama kikombe chake.

"Kwa nini?" Baba akauliza.

"Wanasema uwanja hautumiki, mzee. Waliniuliza mwaka jana umetumiwa na nani. Nikataja mahafali na mechi za ligi. Wakaniuliza na nani mwingine. Nikakosa jibu."

Wajumbe watakuja kuutazama tarehe ishirini na nne, na wataamua kabla muhula haujaisha. Wakiamua kufukia, Baba hatakuwa na kazi na sisi hatutakuwa na nyumba.

Nilidhani Baba atakasirika. Badala yake uso wake ukatulia, kama mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo.

"Waache waje," akasema. "Wakiziona hawatathubutu."

"Mzee, nakuomba. Siku hiyo wakute watu."

"Watakuta nyasi."

Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Baba amefunga geti kwa mnyororo. Hata timu ya chuo haiingii. Mechi yao ya Jumamosi imehamishiwa chuo jirani.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Mvua. Baba anapunguza kingo za uwanja kwa mkasi. Ni mkasi wako wa kushonea. Nimemwambia. Amesema atausafisha.

Alhamisi, tarehe 17 Aprili

Tumecheza mechi ya kwanza ya mashindano ugenini bila mazoezi. Tumefungwa nne. Jirafu hakunitania, na hilo liliniuma zaidi.

Jumamosi, tarehe 19 Aprili

Mvua haikunyesha. Baba ameimba akipaka nguzo za goli rangi. Sikuwahi kumsikia akiimba tangu uondoke. Ninataka sana awe sahihi.

Alhamisi, tarehe 24 Aprili

Walikuja saa nne asubuhi, watu saba na miavuli, pamoja na Filimbi. Nilikuwa nimeruhusiwa kuchelewa shule. Baba alivaa shati jeupe na alikuwa amechora mistari yote kwa chokaa mpya. Mama, sijawahi kuuona uwanja ukiwa vile. Mvua ilikuwa imeuosha, mashine imeukata michirizi, mmoja mweusi kidogo na mmoja mweupe kidogo, na jua lilitoka kidogo tu, kama limeitwa. Wote walisimama juu getini wakasahau kufunga miavuli. Nikajisemea moyoni, Baba alijua.

Walipotaka kuingia, Baba aliwaambia wavue viatu.

Filimbi alifumba macho. Lakini walivua! Mwenyekiti wa baraza, mzee mnene mwenye tai, alikunja suruali akatembea katikati ya uwanja kwa miguu mitupu akiwa ameshika soksi zake. Katibu wa baraza, mama mmoja mwembamba wa miwani, alibeba viatu vyake kifuani kama mtoto. Mhandisi alisema hajawahi kukanyaga zulia kama hili hata nyumbani kwake. Walimpa Baba mkono mmoja mmoja. Walipiga picha. Mwenyekiti alisema, "Mzee, hii ni kazi ya mikono iliyobarikiwa." Baba alinitazama kwa mbali, macho yanang'aa.

Kisha wakakaa kwenye ngazi ya chini kuvaa viatu, na mimi nilikuwa nyuma yao nikikusanya taulo tulizowapa wafutie miguu.

"Pazuri mno," akasema mwenyekiti, akifunga kamba.

"Mno," akasema mhandisi. "Na hapana alama hata ya mguu mmoja. Malori tutayaingizia upande ule, pale ngazi ni fupi."

"Mahafali tutafanyia wapi?" akauliza katibu.

"Tutakodi ukumbi."

Hapo ndipo ilipoishia, Mama. Hawakuwa wabaya. Waliaga vizuri. Mama Tiketi, aliyekuwa amesimama getini, alisema wamemvika Baba kilemba cha ukoka, na safari hii ukoka wenyewe ni wake.

Baba alikuwa bado anasubiri wamwambie kitu. Ilibidi nimwambie mimi nilichosikia. Alisema, "Malori?" Akatazama upande wenye ngazi fupi. Kisha akaenda kurudisha taulo kwenye kamba, zote, akizinyoosha pembe.

Ijumaa, tarehe 25 Aprili

Baba hakukata nyasi.

Jumapili, tarehe 27 Aprili

Asubuhi nilisikia miguu juu ya dari. Nilitoka nikamkuta Filimbi anapanda na kushuka ngazi za jukwaa mbio, kwenye manyunyu, peke yake. Aliomba radhi kwa kelele. Nikamletea chai.

Mama, Filimbi alisoma chuo hiki hiki. Alicheza hapa. Sikujua. Ameomba kazi hii kwa sababu ya uwanja huu, na tangu afike anakimbia kwenye ngazi za mwamba upande wa mbali kwa kuwa nyasi haruhusiwi.

"Mwaka wangu wa kwanza," aliniambia, "baba yako alikuwa anatutoa kwa nguvu giza likiingia. Tulikuwa hatutaki kuondoka. Alikuwa anapiga sufuria kwa mwiko. Hanikumbuki. Na mimi sikutaka kumkumbusha, nisije nikaonekana naomba upendeleo."

"Kwani nyasi zilikuwaje wakati huo?"

Akacheka. "Golini palikuwa kama upara wa mwenyekiti."

Niliyoandika tarehe kumi na mbili Machi siyafuti, lakini leo nisingeyaandika.

Jumatatu, tarehe 28 Aprili

Nimemjibu Baba. Najua hujanilea hivyo, na ndiyo maana naandika neno kwa neno.

Alikuwa anakunywa chai. Nikamwambia Filimbi anaomba wiki zilizobaki geti liwe wazi, katibu wa baraza amekubali kuja kuona. Akasema mvua ndiyo kwanza imekolea, watu wakikanyaga sasa hapatabaki kitu.

"Malori yakija patabaki nini, Baba?"

"Usinijibu."

"Sikujibu, nauliza. Unazitunzia nani?"

"Zimenilisha hizi. Zimekusomesha."

"Mimi ni kipa, Baba. Nadakia ukutani kwa bafu. Sijawahi kusimama golini kwako. Wewe hujawahi kuniona nikidaka."

Aliweka kikombe chini. Nilidhani atanipiga, ingawa hajawahi. Akasema, "Nenda ukasome." Nikaenda. Sikusoma kitu.

Jumanne, tarehe 29 Aprili

Hatuongei. Chai tu, na "pokea," na "asante."

Jumatano, tarehe 30 Aprili

Leo tukiwa kwenye somo la hesabu, Jirafu, ambaye kwa shingo yake anaona dirishani bila kunyanyuka, alininong'oneza, "Baba yako yule, amevaa shati la harusi."

Alikuwa anavuka kiwanja cha shule kwenye matope, ameshika kofia mkononi. Aliingia kwa mwalimu mkuu. Darasa zima lilitega sikio, hata mwalimu wa hesabu aliacha chaki hewani. Baada ya muda nikaitwa.

Mwalimu mkuu alisema, "Baba yako anaomba timu yetu ikacheze mechi ya Jumamosi kwenye uwanja wa chuo. Nimemwambia sisi ndio tulioomba. Anasema hapana, anayeomba ni yeye."

Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Alikuwa amevifuta mlangoni, lakini matope yalibaki kwenye kingo. Nilitaka kumshika mkono, ila nilikuwa na sare ya shule na nilikuwa mbele ya mwalimu mkuu. Nilisema, "Asante, Baba." Akasema, "Haya."

Tuliporudi nyumbani kibao hakikuwepo getini. Amekiweka chini ya kitanda, herufi zikitazama juu.

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Mvua ilianza kabla ya mechi na haikukoma.

Walikuja, Mama. Filimbi alikuwa amepita mabwenini, sokoni na chuo cha uuguzi. Mama Tiketi alitangaza kwa sauti yake ile, akisema ni bure na karanga pia ni bure kwa atakayefika na mwavuli mkubwa wa kumsitiri yeye. Ngazi za mwamba hazikujaa, lakini nilipotoka na timu nikatazama juu pande zote tatu, miavuli ilikuwa mingi kuliko nilivyoweza kuitazama kwa mara moja. Maji yalikuwa yanashuka ngazini katikati ya miguu ya watu. Ni nyumba yetu, na sikuitambua.

Nilisimama golini. Nyasi zilikuwa laini na baridi kwenye vidole, na kwa dakika chache za kwanza nilicheza kama mtu aliye kwenye zulia la wageni. Nilikuwa narudisha kila kipande kilichong'oka kwa mguu. Nikafungwa bao la kijinga, mpira uliotambaa, kwa sababu niliogopa kuruka.

Niligeuka kuuchukua nyavuni. Baba alikuwa amesimama nyuma ya goli bila mwavuli.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Nitapachimba, Baba."

"Ndiyo. Pachimbe. Kipa hatunzi nyasi, anatunza goli."

Basi nikapachimba. Niliruka kulia, niliruka kushoto, nilitelezea magoti mpaka kwenye mstari wa chokaa na chokaa yenyewe ikapotea. Kila nilipoanguka nilisikia ardhi ikichanika chini yangu, na kila mara Baba alisema "aah!" kwa nyuma, na sikujua kama anazililia nyasi au anashangilia. Mapumziko yalipofika, mbele ya goli palikuwa uji mtupu. Jirafu alisawazisha kwa kichwa, na kichwa chake kilikuwa juu ya mwamba wa goli, naapa. Dakika za mwisho yule mshambuliaji wao mfupi alibaki peke yake na mimi. Sikumbuki nilifikiria nini. Nakumbuka mpira ukinipiga kifuani, na mimi nikiukumbatia, na matope yakiingia mdomoni, na mtu nyuma ya goli akipiga kelele, "Huyo ni wangu! Huyo wa matope ni wangu!"

Sare, moja kwa moja. Hatukushinda. Nimeiandika kama ilivyokuwa.

Katibu wa baraza alikuwa amekaa karibu na Mama Tiketi, miwani imejaa maji, anakula karanga. Mechi ilipoisha hakuna aliyetoka. Wanafunzi walishuka wakaanza kuteleza kwa vifua uwanja mzima. Giza lilipoingia Baba aliingia ndani, akachukua sufuria na mwiko, akatoka akawapigia waondoke. Filimbi alisimama ngazini akalia waziwazi. Baba akamtazama, akashusha mwiko.

"Wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unajificha nyuma ya mabango!"

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Mazoezi yetu jioni. Wauguzi asubuhi. Timu ya chuo mchana.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Mvua. Wamecheza. Baba anasema magoli yote mawili sasa ni upara.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Tumefungwa, tumetoka mashindanoni. Nimekula vizuri tu.

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Mtoto mmoja amejifunza baiskeli leo. Baba alishika kiti kwa nyuma akikimbia naye, na alipomwachia hakumwambia.

Alhamisi, tarehe 22 Mei

Nimesoma historia yangu darasani. Niliimalizia kwa maneno ya Mama Tiketi kuhusu nyasi kuzidi kupendeza. Mwalimu aliuliza kama hiyo ni lawama kwa mtu. Nikasema hapana, mtu huyo aliipenda kazi yake mpaka akasahau ilikuwa ya nani, sasa amekumbuka. Mwalimu alisema niikate sentensi hiyo kwa kuwa ni maoni, si historia. Nimeikata kule. Huku inabaki.

Ijumaa, tarehe 30 Mei

Filimbi amekuja mbio, ameshuka ngazi mbili mbili. Baraza limekutana. Hawafukii mwaka huu. Watautazama tena baada ya mwaka mmoja, na wametoa masharti mawili: geti libaki wazi, na uwanja uwe na nyasi kabla ya mahafali. Katibu ndiye aliyesimama kuutetea. Aliwaambia amekaa ngazini kwenye mvua akiwa na watu wasiopungua mia tano, na tangu awe mwanafunzi hakuwahi kufurahi hivyo chuoni.

Mwaka mmoja si daima, najua. Lakini jioni Baba alijigonga kichwa kwenye ngazi ya chini na hakuifokea. Aliipapasa.

Jumapili, tarehe 1 Juni

Mama, muhula umekwisha na mvua imepungua. Kesho asubuhi nampa dereva daftari. Limebaki jambo moja.

Leo Baba amenikalisha katikati ya goli langu, kwenye udongo, akanieleza kitu ambacho hamkuwahi kuniambia. Alisema zamani, hapa palipokuwa vumbi, alitumwa kutafuta nyasi za kutambaa zinazovumilia kukanyagwa. Akaenda bonde hadi bonde, akazipata huko kwenu, kando ya mto, chini ya nyumba ya Bibi. Akaomba. Bibi akasema achukue, lakini binti yake ndiye atakayemwonyesha jinsi ya kuzing'oa bila kukata mizizi, maana yeye Baba alikuwa anaziharibu. Akaenda mara ya pili, gunia lilipokuwa bado halijaisha. Akaenda mara ya tatu. Mara ya nne Bibi akamuuliza kama anapanda uwanja au anapanda nchi nzima.

"Kwa hiyo hizi zote ni za Mama?" nikamuuliza.

"Zote," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa sitaki zikanyagwe. Halafu nikamsahau mwenyewe, nikabaki nazo."

Kisha akasema, "Andika. Muulize kama kule mtoni nyasi bado zipo, maana golini ni lazima kupanda upya." Nikaandika. Akasoma, akasema ni sawa. Ameondoka, akarudi, akasoma tena.

Hilo ndilo aliloniambia niandike. Lakini uliniambia nisichague, kwa hiyo naandika na haya mengine. Shati jeupe limepigwa pasi na linaning'inia mlangoni. Mkasi wako umenolewa. Kibao amekigeuza upande wa nyuma na kukipaka rangi upya, na anasema atakayekiandika ni wewe tu, yeye hajui maneno. Na asubuhi hii, akidhani nimelala, alimuuliza dereva kama gunia tupu linalipiwa nauli, na kama basi la kuja huko lina nafasi Alhamisi.

Dereva anageuza gari jioni ileile. Basi nijibu kwa mkono wake, Mama, hata kwa neno moja: Baba aje?